Baba Mkwe Akinyanyuka

Jumatatu, 3 Juni

Taa imefika nyumbani. Daktari wetu wa meno kapata kubwa zaidi, hii ndogo akanipa. Taa hizi za miale ya yuvii siku hizi ziko kila pahali — benki, saluni, hata kwenye lifti. Mimi ni wa mapokezi tu pale kliniki, lakini kuiwasha ni kazi yangu: mgonjwa akitoka, nafunga mlango, nabonyeza, inaua vijidudu, kisha aingie mwingine. Sharti moja tu: isimmulike mtu. Inachoma macho na ngozi.

Nimeiweka sebuleni, juu ya kabati. Baba mkwe akauliza ni ya nini. Nikamwambia ya mbu! Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria.

Ukweli ni kwamba anakohoa tangu aje kukaa nasi. Na mwanangu Chiriku, miaka minne, habanduki mapajani kwa babu yake.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimeiwasha kila mzee aliponyanyuka. Akienda msalani tu, namtoa Chiriku, nafunga mlango, nabonyeza. Akirudi anakuta pamefungwa. Anasimama ukumbini na gazeti lake, kama mtu anayesubiri zamu.

Kaniambia mbu wa nyumba hii wana bidii, hata mchana hawalali. Hakucheka. Nikajitia hamnazo, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemsindikiza hospitali kuchukua majibu. Hana cha kuambukiza! Ni vumbi la unga, wamesema, miaka yote ile ya kusimamia mashine ya kusaga. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Nikampigia mume wangu huko mbali anakofunga mitambo, naye akafurahi.

Jioni mzee alipokwenda kuoga, nikawasha tena.

Mazoea, nilijiambia. Mazoea gani! Kinyaa. Acha niliandike neno lenyewe nilione. Namwonea kinyaa mtu aliyemsomesha mume wangu kwa vumbi hilohilo. Nimeona haya hata kukaa naye mezani.

Jumanne, 11 Juni

Sina pa kuuweka uso.

Jirani wa mlango wa pili alikuja kutujulia hali. Tumekaa vizuri, mzee anamsimulia alivyokuwa akirudi kutoka kazini mweupe mpaka kope, mkewe akimfungulia mlango anamuuliza, wewe nani? Jirani hana mbavu kwa kucheka. Mzee akanyanyuka kwenda kuchukua miwani chumbani. Chiriku akaruka chini, akaanza kututoa: "Tokeni, tokeni! Babu ameondoka, tuwashe taa tuue vidudu vyake."

Vidudu vyake! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo — nilikuwa nawatolea wengine methali hiyo.

Jirani akatazama ndani ya kikombe chake. Mzee alikuwa hajafika hata mlangoni. Hakugeuka. Alisimama kidogo, akaendelea. Hakurudi tena sebuleni.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwake kumwomba radhi. Nimeinua mkono nibishe hodi. Sikubisha.

Alhamisi, 13 Juni

Anakula chumbani. Anasema miguu inamsumbua. Kikombe chake anakiosha mwenyewe na kukiweka peke yake. Jana nilikirudisha katikati ya vyetu. Leo asubuhi nimekuta amekitoa tena.

Ananijibu kwa upole, "ndiyo mwanangu, hapana mwanangu." Afadhali angenigombeza. Taa sijaigusa tangu juzi.

Ijumaa, 14 Juni

Mume wangu amerudi bila kutuarifu. Tumekutana getini, mimi na Chiriku tukitoka shule, tukaingia pamoja tunacheka.

Mzee alikuwa amesimama ukumbini, kaegemea ukuta. Mlango wa sebuleni umefungwa, na chini yake mwanga wa zambarau.

Akatuambia tusiingie kwanza. "Nilikaa kidogo kwenye kochi lenu. Nimeshaiwasha, inamaliza sasa hivi."

Lenu.

Mume wangu akauliza, taa gani hiyo baba, na mbona umesimama? Kisha akanigeukia mimi. Nikafumbua mdomo. Mzee akanitangulia: "Nilimwomba mimi, kwa ajili ya kifua changu. Mkeo kahangaika mpaka kanipatia. Mshukuru."

Naye kanishukuru! Kaniwekea mkono begani, mbele ya baba yake, akasema ahsante kwa kunitunzia mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali, macho yake ukutani.

Na mimi nikajibu — nikajibu kabisa, kwa mdomo huu — "Ahsante kushukuru."

Sasa niko jikoni, najifanya napika. Taa imezimwa, wamekwisha kaa. Mume wangu ananiita, niache sufuria niende tukae wote. Nimeitikia nakuja. Nitamtazama vipi mzee?

Chiriku yuko mapajani kwa baba yake. Namsikia anaanza kumweleza ile taa huwashwa lini —