Bora Mke Wangu Adhani Nina Mwanamke Kuliko Ajue Nakula Konokono

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba zaidi usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nina mke, watoto watatu na bucha niliyorithi kwa marehemu baba, na baada ya Jumapili ijayo huenda nikabaki na bucha peke yake.

Mke wangu ni mshonaji na ana jicho la mshonaji, uzi ukikaa vibaya anauona akiwa mlangoni. Sasa anaamini nina mwanamke wa nje. Ushahidi anao: kila Alhamisi narudi nimeshiba, sahani yake siigusi, natafuna karafuu mdomo mzima, nimebadilisha shati, na nikiulizwa nilikuwa wapi najibu kazini, wakati yeye amepita akaona bucha imefungwa. Juzi alisimamisha cherehani, akanitazama, akasema, "Mume wangu, mimi sitapiga kelele. Niambie tu anaitwa nani." Mshauri, nilitazama sakafu, maana anaitwa konokono.

Nianze mwanzo. Nyuma ya bucha yangu kuna nyumba wamepanga wageni watatu wanaofanya kazi kiwanda cha juisi, Mfaransa fundi mitambo, Mghana dereva wa kreni na Mperu mpimaji wa maabara, na kila Alhamisi mmoja wao anapika nyama ya kwao halafu wengine wawili wanamsema. Siku moja Mfaransa alikuja dukani na kipande cha paja kilichoganda, katumiwa na kaka yake, akaniomba nimtolee mfupa. Nikakishika, nikakigeuza, nikakinusa, nikamwambia kwa sauti ili na wateja wasikie, "Hili ni dume la ng'ombe, changa, halijafika miaka mitatu." Akatabasamu tu. Akaniambia nije jioni nionje kazi ya mkono wangu. Nikaenda, nikala, nikasifu, nikaongeza, ndipo akaniambia ni farasi. Mshauri, miaka ishirini na minane kwenye kigogo cha kukatia nyama na nimemwita farasi ng'ombe! Nilikasirika sana. Nilikasirika mpaka nikamaliza sahani.

Tangu hapo, ni miezi kadhaa sasa, sijakosa Alhamisi hata moja, na ningependa uyasikie mabishano yao, kwani hayo nayo ni kitoweo. Mfaransa anasema nyama isiyotoa damu kidogo imeuliwa mara mbili. Mghana anasema nyama isiyo na pilipili ni chakula cha wodini. Mperu anapika simbilisi, yule mnyama mdogo aliye kama panya mnene asiye na mkia, anamleta mzima mezani na kichwa chake na meno yake, eti mnyama asiyeonyesha uso utajuaje kama si paka. Siku Mfaransa alipoleta konokono wake wa siagi na kitunguu saumu, Mghana alichungulia sahani akasema, "Ndugu yangu, hawa ni watoto, mngewaacha wakue," na wiki iliyofuata akaleta wa kwao, kila mmoja wa kujaza kiganja, ndani ya mchuzi mwekundu ulionitoa machozi, na mimi nilikula wanne nikaomba wa tano. Waliponiuliza sisi kwetu tunakula nini, nikasema ng'ombe. Wakauliza na nini kingine? Nikasema mbuzi, wageni wakija. Walinionea huruma, mshauri, tena huruma ya kweli.

Sasa utasema mwambie mkeo yaishe. Siwezi, na sababu ni shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Mwaka juzi kwenye chakula cha familia, huyu shemeji, mtu mpole tu, fundi bomba, alikuja na chungu cha sungura, akasema kwa furaha ameanza kuwafuga na anataka tuonje. Mimi nikasimama. Nikasema mtu mzima anayekula sungura leo, kesho atakula paka, nikakifunika kile chungu nikakitoa nje kwa mikono yangu, na watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Nikambandika jina la Mla Paka, likamganda. Hadi watoto wa mtaani kwake walimwita hivyo, akauza sungura wote, na mpaka leo nikiwepo mahali yeye haji. Jumapili atakuja. Mke wangu ameita kikao, na mwenyekiti ni huyo huyo, na dada yangu atakuwepo, na mdomo wa dada yangu ni redio isiyo na kitufe cha kuzima.

Kwa hiyo nimewaza, mshauri, nikaona nikiri tu kwamba nina mwanamke. Mwanamke ni kosa linaloeleweka, wazee wameshalisikia, lina utaratibu wake. Nitainamisha kichwa, nitaombwa nimwache, na nitamwacha hapo hapo kwa kuwa hayupo. Heshima ya bucha itabaki. Jina nimeshamtafutia. Je, nifanye hivyo, au una njia nyingine isiyomtaja konokono?

Mimi, Muuza Nyama Niliyebanwa.

JIBU

Wewe Muuza Nyama, uliniomba nisicheke kabla ya mwisho. Nimeshindwa, unisamehe. Nilivumilia farasi, nikaanguka kwenye konokono wa tano.

Nimemaliza kucheka. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe.

Kula kwako hakuna shida. Farasi, simbilisi, konokono, hata ungekula ukwato, na ukwato najua unauza, pamoja na ulimi, mkia na utumbo, umevitundika dirishani kila mpita njia avione. Kuna watu wa mbali wakipita hapo wataziba pua na kuuliza hawa ni watu wa namna gani. Kila taifa huona chungu chake ndicho chungu na cha jirani ni vituko. Wale wageni watatu wamelijua hilo, ndiyo maana wanasemana, wanacheka na bado wanakaa meza moja. Wewe ulikaa nao miezi yote hiyo ukajifunza kula tu.

Nyani haoni kundule. Ulimfukuza mtu mezani kwa sababu ya sungura, leo unajificha uani kwa watu na karafuu mdomoni. Na hiyo karafuu iache, kitunguu saumu hakifichiki, unanuka vyote viwili.

Halafu hilo wazo lako la kukiri mwanamke asiyekuwepo! Baba wa watoto watatu umekaa chini ukamtafutia jina! Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukishamtangaza huyo mwanamke mbele ya kikao hutamtoa tena. Atakaa nyumbani kwako, atalala kati yenu, kila ukichelewa mkeo atamuona. Kwa konokono utasemwa wiki mbili. Kwa mwanamke huyo utasemwa mpaka kaburini, na watoto wako watalisikia jina lake.

Umenieleza aibu yako kurasa tatu. Kuhusu mkeo umeniandikia kwamba alisimamisha cherehani. Unajua mwanamke anapitia nini mpaka aseme "sitapiga kelele"? Amepiga hesabu ya maisha bila wewe, huku akikupikia kila Alhamisi chakula anachojua hutakila. Miezi yote hiyo ungeweza kumwambia, "Mke wangu, twende kwa jirani ukaone mambo." Hukumwita. Hilo ndilo kosa lako kwake, na ni kubwa kuliko unavyodhani.

Usingoje Jumapili. Kesho funga bucha mapema, nenda kwa shemeji yako, kwake, kwa miguu yako, usimpigie simu. Mwambie unakula nini, umwambie wewe mwenyewe kabla hajalisikia kwa dada yako, kisha umwombe radhi kwa ile siku, na umwambie Jumapili utarudia maneno hayo hayo mbele ya wale waliocheka. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Ana haki. Akikuita jina lolote, lipokee.

Kutoka hapo nyoosha nyumbani, usipite kwa wageni. Usimpelekee mkeo sahani ya konokono kama zawadi, nakujua. Kaa mkiwa wawili, mwambie kila kitu toka paja la farasi, na usiruke chochote. Alhamisi mkaribishe. Akikataa kula, asile, mwachie nafasi mezani tu.

Na ujiandae kwa hili. Atakapoelewa kwamba hakuna mwanamke, atacheka. Atacheka sana, atapiga mapaja, pengine ataita majirani. Usinyanyuke ukadhani yameisha. Baki kwenye kiti, kwa sababu akimaliza kucheka atalia, na hapo ndipo atakapokuhitaji uwepo.