Gauni la Mama na Panga la Mjomba

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magunia,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona? Sisi tunapumua, ila kitinda mimba wetu, Sindano, amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimepata ujumbe wako kwamba unakata tiketi uje umuue mjomba. Hebu tulia kwanza, usome.

Safari hii, kwa maonyesho yake ya sanaa, Sindano alikodi ghala tupu, akatundika nguo za marehemu kutoka darini mpaka chini, na feni nyuma yake. Ukiingia, unaona zinapumua. Alitaka watu wajiulize wapendwa wao wako wapi. Nguo aliazimwa na wafiwa, kwa hiyo hakuzishona kabisa kwenye kamba za kutundikia. Alizipiga bandi tu, ule uzi wa kushikiza. Ukivuta ncha, nguo inadondoka nzima. Katikati aliweka gauni la buluu la marehemu mama.

Siku ya kufungua, mikono ya gauni ikainuka kwa upepo. Mwanamke mmoja akaanguka, akapiga kelele kwamba roho zimefungwa humo. Mjomba naye akaamini, mhubiri mzima! Alirudi na waumini wake, kila mmoja na panga. Walifyeka, mdogo wangu, walifyeka kama watu wa shambani. Mlinzi wa ghala walimpasua kichwa, mashati yakawa yanaanguka vipande vipande juu ya damu yake. Mjomba alilifuata gauni huku akilia, "Mwachie dada yangu!" Sindano akalikumbatia. Panga likashuka.

Nilimtwanga mjomba kwa kigoda mpaka meno yakamtoka, na sijutii hata chembe. Polisi ndio waliomwokoa mikononi mwangu.

Juzi Sindano alirudi ghalani, akashika ncha ya uzi kwa meno, akavuta. Gauni likashuka zima, na damu yake kifuani. Akanituma nimpelekee mjomba gauni hilo na uzi wake mahabusu. Nilinung'unika njia nzima, lakini nilipeleka. Nilimwonyesha uzi, nikamwambia, "Mama hakufungwa, mjomba. Ungevuta tu." Alijibamiza kichwa ukutani mpaka askari wakamshika.

Basi tiketi kata, ila panga hatulitaki tena humu ndani. Sindano anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto, na hana wa kumtungia uzi.

Msalimie shemeji na yule mtundu wenu. Mungu akukinge na hasira zako, na zangu pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.