Semla ya Baba

Stockholm,
Jumapili

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limeacha kukusumbua na nyanya zimeanza kushika rangi humo kwenye banda la vioo. Mimi ni mzima, nakula vizuri na kofia navaa, kwa hiyo usianze.

Najua unachongoja ni habari za jioni ya washairi. Ukumbi ulijaa. Yalisomwa mashairi ya Kiswidi ya karne nne, kuanzia yale ya kale ya kusifu wafalme na maharusi, mpaka ya sisi tulio hai. Mimi niliwekwa mwisho, peke yangu kutoka upande wetu wa Ufini, sisi tuliozaliwa na Kiswidi ng'ambo ya bahari. Sikuogopa hata kidogo. Wafalme wao walizikwa zamani; mimi Baba nimemzika juzijuzi tu.

Torkel, mhariri wa wachapishaji wa huku, alikuwa ameshanionya. Alisema nibadilishe mstari wa semla katika koti la Baba, maana semla kwao si mkate mdogo wa dukani kama kwetu. Ni andazi lililojazwa krimu, la kuliwa kabla ya Kwaresima. Nikamjibu kwamba Kiswidi changu hakikuomba ruhusa kwake kuzaliwa. Akacheka, akaniita mbishi wa pwani.

Basi nikasoma. Nilipofika pale tulipotia mkono kwenye koti la kazi la Baba baada ya mazishi, tukakuta nusu ya semla, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimwona mzee anatembea na krimu mfukoni! Mama mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka akafuta machozi. Hatimaye wakatulia. Nikawaambia kwamba kwetu semla ni kijimkate kikavu, na aliyekuwa akikila alianguka katikati ya nyanya zake kabla hajakimaliza. Nikasoma upya tangu mwanzo. Safari hii hakukohoa mtu.

Wakati wa kahawa Torkel alinijia mbiombio. Kitabu wanakichukua, akasema, kitauzwa Uswidi nzima, ila neno lile litoke, kwani mimi mtunzi siwezi kumfuata kila msomaji nyumbani kwake nikamweleze. Hapo alisema kweli. Nikamwambia basi anirudishie mashairi yangu.

Ndiyo, Mama, nimekataa. Kitabu kitachapwa kwetu Vasa, nakala chache. Najua umeshamtangazia jirani yako Gurli na kanisa zima kwamba kitabu cha mwanao kinatoka Stockholm. Mwambie Gurli waliniomba, mimi nikaringa.

Lakini lipo jambo ambalo Torkel sikumwambia. Walipocheka, nami nilicheka. Niliinamia karatasi wasinione. Nilimwona Baba kabisa, krimu kwenye sharubu, anashangaa imetoka wapi. Tangu tumzike, kila nikifumba macho nilikuwa namwona chini, kati ya nyanya. Wale wageni, kwa kutoelewa kwao, walimsimamisha. Sasa ninao Baba wawili, wa kwetu na wa kwao, na wote wamo ndani ya neno lile moja. Ningelitoa, ningebaki na yule aliyelala chini.

Nisalimie shangazi Majvor na wote wanaoniulizia. Na wewe, Mama, ukimfikiria Baba na krimu yake, cheka tu. Hata yeye angecheka.

Ni mimi mwanao mbishi,
Carita