Nimemwita Semeni

Mama,

Nimekuasi. Naanza na hilo ili usilisikie kwa wengine huko uliko, maana waliozikwa Kintinku mwaka huu ni wengi na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila umbea wake. Mjukuu wako wa kike amezaliwa, ana wiki saba, na nimemwita Semeni.

Ulinikataza. Ulinishika mkono pale kitandani, mkono wenyewe umebaki mifupa, ukasema, "Eliza, ukipata wa kike usimtwike jina langu. Mpe jina la watoto wa siku hizi." Nikaitikia, ndiyo Mama. Ningekujibu nini na wewe unaondoka? Ndiyo ile ilikuwa ya kukupumzisha tu. Leo naiondoa.

Najua katazo lako lilikotoka. Lilitoka kwenye harusi yangu, pale mshereheshaji alipokuita mbele na kipaza sauti chake, akakuuliza jina, ukamtajia. "Semeni! Jamani, haya majina bado yapo?" Ukumbi mzima ukacheka. Ukatabasamu, ukarekebisha kitenge chako, ukarudi kukaa. Na mimi nilicheka, Mama. Nilikuwa nimevaa shela la kuazima, nimezungukwa na wakwe, nikacheka pamoja nao. Wiki iliyofuata ukawaambia kina mama wa kanisani wakuite Selina. Ukafa Selina. Hata msalaba wako umeandikwa Selina, kama ulivyoagiza.

Kicheko kile hakijanitoka mpaka leo.

Tangu uondoke mambo yamegeuka. Duka la ushirika, pale ulipopanga foleni tangu alfajiri ukarudi na kipande cha sabuni, sasa ni la mtu binafsi na sabuni zimejaa za kila rangi. Yohana wangu anauza mitumba hapa Manyoni, na karibu na meza yake pamefunguliwa banda la video. Watu wanaingia humo mikono mitupu wanatoka na majina. Siku ya kwanza ya kliniki muuguzi aliita "Vanesa," wakainuka kina mama watatu. Sina ugomvi na Vanesa. Ila niliangalia benchi lote nikajiuliza kina Sikujua, Chausiku na Mwamvua wamekwenda wapi, wamekufa wote siku moja?

Wifi yangu Joisi ndiye aliyeleta jina la Samantha. Alikuja nalo limeandikwa kwenye karatasi ili tusilikosee. Nilipomwambia nataka Semeni akashika kiuno. "Wifi, hilo jina la kuuzia karanga stesheni."

Mama, si kweli uliuza karanga stesheni? Uliuza. Ulikimbia na sinia kichwani toka behewa hadi behewa, na karanga hizo ndizo zilizonifikisha darasa la saba nikajua kuandika barua hii. Nikamjibu Joisi kwamba mkataa kwao mtumwa. Akaninunia siku mbili, chakula changu akala.

Sasa nikuambie ujinga wangu. Mama mkwe ni mtu wa Mungaa, wa zamani hasa. Kwake yeye mtoto akilia bila sababu analilia jina, na majina ya waliokufa hutajwa moja moja mpaka anyamaze. Atakalonyamazia ndilo lake, na hapo hakuna wa kupinga. Nikaona njia nyeupe. Shida ni kwamba mwanangu halii. Ananyonya, analala, anaangalia dari kama mtu anayekagua mabati.

Basi siku ya kumtoa nje, wakwe wamejaa uani, nikapenyeza mkono chini ya kanga nikamfinya paja. Nisamehe. Alilia mpaka kuku wakakimbia. Mama mkwe akasimama, "Analilia jina huyu!" Nikasubiri alitaje lako. Nilisahau kitu kimoja tu: mtajaji ni yeye, na angeanza na wafu wake. Akataja mama yake, mtoto akalia. Akataja shangazi yake, mtoto akalia. Hapo huruma ikanishinda, maziwa yamenijaa, nikampa ziwa. Naye wakati huohuo alikuwa anamtaja dada yake marehemu, Tabu.

Mtoto kimya. Vigelegele! Joisi akakaa chini kama aliyepewa habari ya msiba, na mjukuu wako akaitwa Tabu kwa muda wa kunywa kikombe cha uji.

Ningeweza kunyamaza. Tabu nalo ni jina la zamani, na bibi wa watu hakuwa na kosa. Lakini nilikuona, Mama, unarekebisha kitenge. Nikasimama na mtoto ziwani nikawaambia nimemfinya. Nikawaonyesha alama ya kucha. Hata Yohana hakujua pa kuangalia. Nikawaambia hakulilia jina lolote, sina ishara wala ndoto, jina nalitaka mimi mama yake.

Halafu nikawapa habari ya Bibi, mama yako mzazi. Kwamba alikaa kambi ya reli miaka kumi na miwili bila mtoto, mume wake akigonga mataruma na watu wakimgonga yeye kwa maneno. Kwamba alipokuzaa alitoka nje nawe siku ya saba, akasimama katikati ya kambi akasema, "Huyu ni Semeni. Haya, semeni." Alikuwa Mgogo, Kiswahili chenyewe cha kuokota, lakini jina alilitoa kwa Kiswahili ili Mnyamwezi, Mnyaturu na Mgogo wote walielewe. Hilo si jina la shida. Hilo ni jina la mtu aliyeshinda.

Mama mkwe akaigusa ile alama ya kucha kwa kidole. Mwisho akasema, "Anayemfinya mwanawe kwa ajili ya mama yake, mwacheni." Yohana akasema, "Basi Semeni." Joisi bado anamwita Sami. Nitapambana naye taratibu.

Juzi kliniki muuguzi aliita, "Semeni Yohana!" Wasichana wawili kwenye benchi wakachekea kwenye kanga. Nikatembea polepole kwenda mezani, nikawapa nafasi wamalize. Safari hii mimi sikucheka.

Mama, nakulilia bado. Nikikaanga karanga nakulilia. Lakini kwenye hili sikuombi radhi, na ukikasirika, kasirika. Nyumbani naanza kulifupisha, namwita Seme, kama Bibi alivyokuita wewe.

Jumapili nakuja Kintinku na treni ya asubuhi, mtoto mgongoni. Yohana amenitafutia kopo la rangi nyeupe na nyeusi kidogo. Nitalifuta jina lile la msalabani, nitaandika lako kwa herufi kubwa, na kila mwaka jua likilipausha nitalirudia mpaka Seme awe na mkono wa kulirudia mwenyewe.

Pumzika. Na usisumbuke kumtafuta Eliza, hapa mtaani hawamjui tena kwa jina hilo. Hata Joisi, kwa adabu, analazimika kuniita kama wanavyoniita wote.

Ni mimi mwanao,
Mama Semeni