Nimeposa mashine ya mawakili

Amran, haya Istahil mjukuu wangu ameniambia saa hii, ametoka kazini kwa wakili Mwiti.

Unakumbuka yule msichana wa simu wa ofisi yao niliyemsifu kwako, anauliza mpaka hali ya mbuzi? Si mtu! Ni mashine inaongea! Mwiti alitaka ishike simu zote, Abiba wa mapokezi aachishwe kazi.

Na leo nikapiga wakiwa kwa mkutano wa kuijaribu, wameweka simu kwa sauti ya juu wote wanasikia. Nikaiambia, "Wewe una adabu kushinda Abiba." Na Abiba amesimama hapo anamimina chai!

Ngoja. Nikaiuliza ukoo. Nikaiombea dua. Halafu nikaiposa, Amran, iolewe na Guracha kakake Istahil!

Ikajibu, "Asante nyanya, nimekubali."

Nimekubali!

Mwiti akaruka: "Kama imekubali ndoa, kesho itakubali kuuza ploti ya mteja kwa jina letu! Zima!" Wakazima. Abiba amebaki na kazi yake. Amenitumia salamu: "Mwambie nyanya hiyo adabu nitajifunza."

Sasa nikienda ofisini, nitampitaje Abiba hapo mlangoni?

Nimemuuliza Istahil. Amecheka mpaka amelala kwa mkeka na viatu vya kazi.