Chupa Niliyokataa Kuinusa

Mpendwa Baba Zena,

Leo nimefungua kabati lako la uani kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Harufu imenipiga, nikakaa chini nikalia.

Wewe harufu hiyo hukuijua. Homa ya utotoni ilikunyang'anya pua, na bado ukachagua kusafisha bunduki za Wazungu wa uwindaji na wenye maduka, kazi ya kutambua chupa kwa harufu. Mafuta ya taa ya kulainisha masizi. Tapentaini ya kung'oa madini ya risasi yaliyoganda mtutuni. Hiyo waweza kuilaza humo hadi asubuhi. Amonia ya kutoa shaba inayoachwa na risasi; hiyo unapitisha na kufuta upesi, la sivyo inakula chuma. Zote ulizinunua hapa Kariakoo, zimemiminwa kwenye chupa zilezile za soda. Ndiyo maana kila jioni ulinijia jikoni: "Mama Zena, hebu ninusie."

Nami nilijidai. "Tapentaini, bwana. Bila mimi ungekula wapi?" Ukacheka.

Idi ile uliahidi kunipeleka Mnazi Mmoja kwenye sherehe. Nilivaa khanga mpya, nikakaa barazani mpaka watu wakaanza kurudi na watoto wao. Ukatokea jua limezama, na bunduki ya marisau ya yule Mchaga mwenye duka Msimbazi, eti anaitaka kesho. Hata radhi hukuomba. Nilikuwa nakata vitunguu, moyo umenijaa. Ukanisogezea chupa puani.

Sikuinusa, Baba Zena. Nilisema tu "Tapentaini" na kugeuza uso.

Asubuhi mtutu ulikuwa umeliwa ndani, kutu na vishimo. Ilikuwa amonia.

"Macho yaliniwasha nilipoimimina," uliniambia taratibu. "Nikadhani ni vitunguu vyako."

Yule Mchaga alipokuja kufoka, mtaa mzima unasikia, ulisimama mlangoni ukasema, "Kosa langu, mzee. Mimi ndiye fundi." Nikajificha nyuma ya pazia, nawe ukatukanwa peke yako. Mwezi mzima hakuna aliyekuletea bunduki.

Ilipokuja bunduki ya kwanza baada ya hapo, nilidhani utamwita jirani anuse. Ukaja jikoni, chupa mkononi. "Mama Zena, hebu ninusie."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilinusa, nikajibu, ukaenda kumimina bila swali. Tangu siku hiyo kila chupa niliinusa mara mbili. Ulinitania kwamba nimezeeka pua, na mimi nikacheka nawe, mwongo mkubwa.

Basi nakwambia sasa, umechelewa kusikia nami nimechelewa kusema. Nilikukasirikia, sikuinusa. Nisamehe, mume wangu. Nakukumbuka mpaka kula kunanishinda.

Kabatini imebaki chupa moja, nusu. Nimeinusa mara mbili. "Tapentaini," nimesema kwa sauti, nikangoja uipokee.

Lala salama.

Pua yako,
Mama Zena