Matofali ya Bwera yanakunywa moshi

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa, amani kwako na watoto hapo Butembo.

Leo nimepita Bwera, kwenye kiwanda kile cha kahawa alichofanyia kazi baba. Nikaona moshi unavuja mlangoni, nikadhani kunaungua, nikaumwagia ndoo nzima ya maji. Fundi akaruka: “Wacha, mama! Matofali iko nakunywa moshi!”

Kumbe wanachanganya majivu ya maganda ya kahawa na saruji kidogo, wanafyatua matofali, wanayafungia chumbani na moshi wa tanuri la kukaushia kahawa. Yanaunyonya, yanakuwa magumu kama jiwe.

Yaya, ni moshi uleule uliomkohoza baba mpaka akatutoka! Nimeomba tofali moja. Nakuja nalo tuliweke kaburini, baba ajue moshi ule sasa umefungwa humo.

Nakukumbatia sana,
mdogo wako Masika